GEORG OHM: MWALIMU ALIYEPIMA UMEME KWA CHOMBO CHA MIKONO YAKE



Jina la Ohm kila mmoja wetu analijua. Mwalimu wa fizike anaandika herufi tatu ubaoni, tunazinakili katika daftari, tunazikariri mbele ya mtihani, kiisha tunazisahau. Wengi wetu tulidhani Ohm ni jina la kipimo tu, sawa na mita au kilo. Kumbe alikuwa mtu. Alikuwa mwana wa fundi wa kufuli, alikuwa mwalimu wa sekondari, alikosa mshahara wa kutosha, alikosea mbele ya watu wote, akaanza tena. Maisha yake tunataka kuwasimulia hapa. Lakini kwanza tuseme wazi juu ya nini tumemchagua yeye.

Muhula uliopita, sisi watu watano wa darasa la tano tulisoma habari za watu wanaofanya radio kwa kupenda tu, bila mshahara, kwa mawimbi marefu sana. Watu hawa mara nyingi hawanunui chombo cha kupimia umeme wa antena. Wanakitengeneza wenyewe nyumbani, kiisha wanakilinganisha na kipimo cha hakika. Tulipendezwa. Radio ya kupelekea mawimbi hatuna, wala ruhusa yake hatuna, lakini tuliona kwamba chombo cha kupimia kinaweza kutushinda namna gani?

Tulichukua dira ndogo, tukaizungushia waya wa shaba mizunguko 30, tukaifunga juu ya ubao. Umeme ukipita katika waya, sindano ya dira inageuka. Kiisha tulipata waya mwembamba wa resho iliyokufa, tukaukata vipande vya urefu mbalimbali, tukaunganisha mawe mawili ya tochi. Kitabu kinasema kwamba waya ukiwa mrefu mara mbili, umeme unapungua nusu. Sindano yetu ilikataa. Hata kipande kimoja kile kile, asubuhi kilitupa digri 50, na saa sita kikatupa 38. Basi wawili kati yetu walichukua biki, wakasahihisha namba katika daftari mpaka zikafanana na kitabu. (Majina hatutaji, nao wenyewe wamekubali jambo hili liandikwe.) Tulipata alama nzuri sana.

Lakini alama ile haikutuletea furaha. Mmoja wetu hakulala, na kesho yake tulikwenda wote watano kwa mwalimu kumweleza. Hakutufukuza. Alitupa kazi moja tu: tutafute maisha ya Ohm, tujue yeye alifanya nini siku ile sindano yake ilipokataa.

MTOTO WA FUNDI WA KUFULI

Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Jamaa yake walikuwa Waprotestanti. Baba yake, Johann Wolfgang Ohm, alikuwa fundi wa kufuli. Mama yake, Maria Elisabeth, alikuwa binti wa fundi wa kushona nguo. Wazazi hao walizaa watoto saba, lakini waliokua mpaka utu uzima ni watatu tu: Georg, mdogo wake Martin, na dada yao mmoja. Mama naye alifariki Georg akiwa na miaka kumi.

Baba huyu hakusoma shule kubwa. Alijifundisha mwenyewe, usiku, baada ya kazi. Tena hakuificha elimu yake: aliwafundisha wavulana wake wawili matematike, fizike na kemia nyumbani, mpaka wakapita yale waliyofundishwa shuleni. Profesa mmoja wa Erlangen, Langsdorf, alimjaribu Georg alipokuwa kijana wa miaka 15, akashangaa sana. Martin naye baadaye alikuwa profesa wa matematike katika mji wa Berlin.

Tunaomba msomaji akumbuke ile karakana ya kufuli. Mtoto anayekua kati ya tupa, misumari na chemchemi za chuma anajua mapema kwamba ufunguo ukizidi kidogo tu, unene wa unywele, mlango haufunguki. Kufuli haikubali maneno. Elimu ile ya mikono ndiyo itakayomsaidia Georg miaka mingi baadaye.

MWANAFUNZI ALIYECHEZA MNO

Msifikiri kwamba alikuwa kijana mtakatifu wa vitabu. Mwaka wa 1805 aliingia Chuo Kikuu cha Erlangen, na pale alipenda zaidi kucheza dansi, kuteleza juu ya barafu na kucheza biliadi. Baba yake alikasirika sana. Mzee yule alijinyima vingi, na kijana anapoteza bahati ambayo yeye hakuipata! Baada ya mihula mitatu, Georg aliondolewa chuoni, akapelekwa Uswisi, na Septemba 1806 alianza kufundisha matematike katika shule ya Gottstadt. Alikuwa na miaka 17 tu. Kati yetu kuna wenye umri huo, na bado tunagombania mpira.

Kule Uswisi alitulia. Alisoma peke yake vitabu vizito vya Euler na Laplace, kwa shauri la Langsdorf. Mwaka wa 1811 alirudi Erlangen, na tarehe 25 Oktoba mwaka huo alipata udaktari. Alifundisha chuoni mihula mitatu, lakini mshahara haukumtosha hata kuishi. Mwaka wa 1813 serikali ya Bavaria ilimpa kazi katika shule moja duni ya mji wa Bamberg. Hakuipenda. Alijifariji kwa kuandika kitabu cha jometri kwa ajili ya wanafunzi. Shule ile ilifungwa mwaka wa 1816, akahamishwa kwenye shule nyingine ya mji ule ule, iliyojaa watoto kupita kiasi.

Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1817, na mwaka huo huo mlango ulifunguka. Alipewa kazi ya kufundisha matematike na fizike katika mji wa Köln, katika shule kubwa iliyoitwa ya Wajezuiti. Mprotestanti kati ya Wakatoliki, tena alipokelewa vizuri. Mmoja wa wanafunzi wake pale, Dirichlet, alikuwa baadaye mtu mkubwa sana wa matematike. Na jambo lililompendeza Ohm kupita yote: shule ile ilikuwa na labo nzuri ya fizike. Baada ya masomo ya mchana, labo ilikuwa yake.

ZAMANI ZA KUPIMA BILA KIPIMO

Mwaka wa 1820 habari moja ilitoka Denmark ikaenea Ulaya yote. Profesa Ørsted alikuwa ameona kwamba umeme ukipita katika waya, sindano ya dira iliyo karibu inageuka. Ohm alisoma habari hiyo, akaanza kujaribu.

Leo mtu akitaka kupima umeme anachukua multimeta, anasoma namba, amemaliza. Zamani zile hakukuwa na multimeta, hakukuwa na volti wala ampere. Mwingereza Cavendish, aliyemtangulia Ohm, alipima nguvu ya umeme kwa mwili wake mwenyewe: aliushika waya na kulinganisha mshtuko na mshtuko. Alikuwa ameona mengi ya kweli kwa njia hiyo, lakini hakuyachapisha, na watu waliyasoma mwaka wa 1879 tu, miaka mingi baada ya kufa kwake.

Ohm alitaka kitu kisichotegemea mkono wa mtu. Basi yule mwana wa fundi wa kufuli alitengeneza chombo chake mwenyewe. Alitundika sindano ya sumaku kwa uzi mwembamba wa dhahabu uliobondwa ukawa bapa, juu ya waya unaopitisha umeme. Umeme ukipita, sindano inataka kugeuka. Juu ya uzi kulikuwa na kichwa cha kuzungusha, chenye alama za digri. Ohm alikizungusha kichwa kile taratibu, akiusokota uzi, mpaka sindano ikarudi fasi yake ya kwanza. Kiisha alisoma amezungusha kiasi gani. Umeme ukiwa na nguvu zaidi, uzi unahitaji kusokotwa zaidi.

Hapa tuliona kosa letu la kwanza. Sisi tulisoma digri za dira moja kwa moja, tukifikiri digri 60 ni mara mbili ya digri 30. Haiko hivyo. Sindano ikigeuka inaondoka katika fasi ambayo koili inaishika sawasawa, na dunia nayo inaivuta kurudi kaskazini. Kwa dira kama yetu, koili ikisimama wima kufuata mstari wa kaskazini na kusini, umeme unafuata tanjenti ya pembe. Chukueni jedwali zenu mtazame: tanjenti ya 60 ni mara tatu ya tanjenti ya 30, si mara mbili. Ohm aliepuka taabu hii kwa werevu, maana sindano yake alisoma daima ikiwa imerudi fasi ile ile.

KOSA LA 1825

Chombo kikiwa tayari, Ohm alitafuta umeme wa kuupima. Alitumia pile ya wakati ule, yaani metali mbili ndani ya maji yenye asidi. Alibadilisha nyaya, fupi na ndefu, akaandika namba, akatafuta sheria inayozifunga pamoja. Mwaka wa 1825 alitangaza sheria yake katika gazeti la wataalamu. Ilikuwa na logariti ndani yake. Na ilikuwa si sahihi.

Kosa lilitoka wapi? Chombo chake kilikuwa kizuri. Kosa lilikuwa katika chemchemi ya umeme. Pile ile, mtu akiunganisha waya, mara ya kwanza inatoa nguvu kubwa, kiisha inachoka. Ukiiachia inapumzika, nguvu inarudi. Ohm alikuwa anapima vitu viwili vilivyochanganyika: urefu wa waya na uchovu wa pile. Sawa kabisa na mawe yetu ya tochi, yaliyokuwa na digri 50 asubuhi na 38 saa sita!

Sasa tulifika pale mwalimu alipotaka tufike. Ohm alikuwa na miaka 36, jina lake lilikuwa limeanza kuandikwa, na sheria yake ilikuwa imekwisha chapwa. Angeweza kuitetea. Angeweza kuacha namba zinazokataa na kuonyesha zinazokubali. Hakufanya hivyo. Alijua kwamba pile yake haitulii, na Poggendorff, mwenye gazeti lile, alipompa shauri la kutumia chemchemi nyingine ya umeme, alisikia shauri akaanza kazi yote upya.

MAJI YANAYOCHEMKA NA BARAFU

Chemchemi mpya ilikuwa imeonyeshwa na Seebeck miaka michache mbele. Ukishikanisha metali mbili za namna mbalimbali kwa miisho miwili, na mwisho mmoja ukiwa moto na wa pili baridi, umeme unapita. Ni umeme mdogo, lakini joto lisipobadilika, nao haubadiliki. Ohm alichukua kipande cha bismuti, akakiunga na shaba pande zote mbili. Upande mmoja aliuweka katika maji yanayochemka, upande wa pili katika barafu inayoyeyuka. Maji yakichemka, hata uongeze kuni namna gani, hayazidi joto lake. Barafu ikiyeyuka, nayo inabaki palepale. Basi Ohm alipata umeme usiochoka.

Sisi wa Pepa tunaweza kuuliza swali hapa. Tuko juu katika milima ya Marungu, na mama zetu wanajua kwamba maharagwe yanachelewa kuiva huku kuliko kule chini Moba kando ya ziwa. Kwa mtu aliye mita 2,000 juu ya bahari, maji yanachemka karibu digri 93, hayafiki 100. Je, kipimo cha Ohm kingeharibika hapa kwetu? Hapana. Namba zake zingekuwa ndogo kidogo, lakini sheria ingebaki ile ile. Yeye hakuhitaji digri 100, alihitaji joto lisilobadilika tangu kipimo cha kwanza mpaka cha mwisho. Tulibishana sana juu ya neno hili bwenini, na leo tunaona kwamba ndilo moyo wa habari yote. Mwenye kutengeneza chombo chake mwenyewe anaanza kwa kutafuta kitu kinachotulia, ndipo anakilinganisha nacho.

NAMBA ZA JANUARI 1826

Ohm alitayarisha nyaya nane za shaba, zenye unene mmoja, na urefu wa inchi 2, 4, 6, 10, 18, 34, 66 na 130. Katika Januari 1826 alizipitisha moja moja. Waya wa inchi 2 ulimpa karibu 327 katika alama za chombo chake. Wa inchi 6 ulimpa karibu 278. Wa inchi 18 karibu 191. Wa inchi 130 ulimpa 48 na nusu.

Tazameni vizuri. Inchi 130 ni mara 65 ya inchi 2, lakini nguvu haikupungua mara 65. Ilipungua mara 7 hivi. Sisi tungesema chombo kimeharibika, tungechukua biki. Ohm alifikiri. Aliona kwamba umeme haupiti katika waya ule tu. Unapita pia katika bismuti, katika shaba ya kuungia, katika chombo chenyewe. Sehemu hizo zote zinauzuia umeme, kana kwamba kuna waya mwingine uliofichika. Akapiga hesabu, akaona kwamba uzuizi uliofichika ni sawa na inchi 20 na robo za waya ule.

Jaribuni wenyewe. Kwa kila waya, ongezeni 20.25 juu ya urefu wake, kiisha gawanyeni 7,285 kwa jumla hiyo. Kwa inchi 2 mtapata 327. Kwa inchi 18 mtapata 190 na nusu. Kwa inchi 130 mtapata 48 na nusu. Tulifanya hesabu hii kwa taa ya mshumaa, na ilipotoka sawa tulipiga kelele mpaka msimamizi wa bweni akaja. Chombo cha mikono, uzi wa dhahabu, sufuria ya maji na barafu, na namba zinafuatana vile!

Alirudia siku nyingine. Nguvu yote ilishuka kidogo, lakini umbo la sheria halikubadilika. Hiyo ndiyo sheria tunayoikariri leo: nguvu inayousukuma umeme, ukiigawanya kwa uzuizi wote wa njia yake, unapata umeme wenyewe. Uzuizi huo ndio vitabu vinaita rezistansi.

MIAKA YA BARIDI

Mngefikiri kwamba alipigiwa makofi. Haikuwa hivyo. Aliomba ruhusa ya kwenda Berlin kwa nusu ya mshahara, akakaa karibu na mdogo wake Martin, akaandika kitabu kilichotoka mwaka wa 1827. Ndani yake aliweka matematike nyingi, na wataalamu wengi wa fizike wa nchi yake hawakuzoea njia hiyo. Wengine hawakumwelewa, wengine walimkataa kabisa. Yeye alitumaini kitabu kitampa kazi ya chuo kikuu. Hakikumpa. Kwa uchungu aliacha kazi yake ya Köln mwaka wa 1828, akabaki Berlin akifundisha saa chache kwa juma, kwa fedha kidogo, karibu miaka mitano.

Mwaka wa 1833 alipata kazi katika shule ya ufundi ya Nürnberg. Polepole watu wa nchi mbalimbali walirudia vipimo vyake kwa vyombo vyao, nao wakaona jambo lile lile. Hakuna aliyeweza kumwokoa kwa maneno, namba zilimwokoa. Mwaka wa 1841 chama cha wataalamu cha Royal Society, London, kilimpa medali yake kubwa ya Copley. Alikuwa na miaka 52. Mwaka wa 1849 aliitwa München, na mwaka wa 1852 alipewa kiti cha profesa wa fizike katika chuo kikuu cha mji ule, kiti alichokitamani maisha yake yote. Alikikalia miaka miwili tu. Alifariki tarehe 6 Julai 1854. Hakuoa, hakuacha mtoto. Lakini mwaka wa 1881, wataalamu wa mataifa walipokutana Paris kupatana juu ya vipimo vya umeme, jina lake lilipewa kipimo cha rezistansi, kando ya majina ya Volta na Ampère.

OHM NA MAWIMBI MAREFU

Tuwarudie sasa wale watu wa radio. Mawimbi marefu si mageni katika nchi yetu. Mbele ya vita ya 1914, Mbelgiji Robert Goldschmidt aliongoza kazi ya kujenga stesheni za telegrafu isiyo na waya katika Kongo, toka karibu na bahari mpaka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, nazo zilitumia mawimbi marefu. Baadaye mawimbi mafupi yalichukua fasi yao.

Lakini wapo watu waliorudia mawimbi marefu kwa kupenda elimu. Mwaka wa 2007 mkutano wa mataifa uliofanyika Geneva uliwapa wenye leseni ya radio ya kupenda kipande kidogo, karibu na kilohezi 136. Wimbi moja hapo lina urefu wa mita 2,200 na zaidi, mbali kama kutoka mwisho mmoja wa kijiji kikubwa mpaka mwisho mwingine. Nani anaweza kusimamisha antena ya kulifaa wimbi hilo? Hakuna. Antena zao ni fupi mno, na sehemu kubwa ya nguvu inapotea katika udongo na katika koili. Nayo sheria inawaruhusu kutoa nguvu kidogo tu hewani.

Wanajuaje wanatoa nguvu kiasi gani? Wanapima ampere zinazoingia katika antena, wanazizidisha zenyewe kwa zenyewe, kiisha wanazidisha kwa rezistansi ndogo ya kutoa mawimbi. Tuseme rezistansi hiyo ni 0.05 ohm, na ampere ni 4. Basi 4 mara 4 ni 16, mara 0.05 ni 0.8: chini kidogo ya wati moja. Chombo kikikosea kwa sehemu 10 katika 100, hesabu ya wati inakosea kwa sehemu 20 hivi. Ndiyo maana hawawezi kukiamini bila kukijaribu.

Chombo chenyewe ni cha kienyeji: pete ya feriti, waya wa antena unapita katikati, waya mwembamba umezungushwa juu ya pete, kiisha diodi na mita ya sindano. Kukilinganisha, wanaondoa antena, fasi yake wanaweka rezistansi wanayoijua, kwa mfano ohm 50, isiyo ya waya uliozungushwa, maana mzunguko unadanganya katika mawimbi ya radio. Wanapima volti juu yake. Wakipata volti 25, wanagawanya kwa 50: ampere 0.5. Pale sindano iliposimama wanatia alama. Wanabadilisha nguvu, wanatia alama nyingine, na nyingine. Hawatii alama moja na kukisia zilizobaki, maana diodi ni mvivu umeme ukiwa mdogo. Kila alama juu ya mita ile ni sheria ya yule mwalimu wa Köln.

DAFTARI LETU

Nasi tulirudia kazi. Fundi wa radio wa sokoni alituazima multimeta yake na betri ya motokari iliyojaa vizuri. Koili tuliisimamisha wima, kaskazini na kusini. Tuliunga umeme kwa muda mfupi tu, tukasoma, tukakata. Tena kila mara, baada ya kipande cha mwisho, tulirudia kile cha kwanza, kuona kama sindano inarudi palepale. Iliporudi, tuliandika. Isiporudi, tulianza tena. Tulianza tena mara sita.

Namba zetu mpya si nzuri kama zile za biki. Zinaacha kitabu hapa kidogo, pale kidogo. Lakini ni zetu, na mtu wa darasa la nne akizirudia kwa chombo kile kile, atazipata. Tulipeleka daftari kwa mwalimu na kumwomba afute alama ya kwanza. Aliifuta. Ya pili ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza, na tuliipokea kwa mikono miwili.

Chombo kiko katika kabati la labo, juu ya ubao wake, na alama za ampere zimeandikwa kwa wino mweusi. Alama moja, ile ya chini kabisa, tumeiandika kwa penseli, sababu hatuiamini bado. Ninyi mtakaokuja nyuma yetu, tafadhali msiiandike kwa wino mpaka mmeijaribu wenyewe.